Chapati Mbili Ndani ya Kiondo

Jumamosi iliyopita tulimzika mama yake Mutua huko Mitaboni. Nasema tulimzika ingawa mimi si wa ukoo wake wala sikuwahi kuwa, na nilipoingia pale kwenye boma kuna wanawake wawili walioacha kuongea wakanitazama mpaka nilipopata kiti. Mwaka wa tisini na nane ilibaki kidogo tu niwe mkaza mwana wa nyumba ile. Mutua ndiye aliyenichumbia, mama yake ndiye aliyenikataa, na tangu wakati huo nimekuwa nikijiambia kwamba mama yule hakuwa na kosa kubwa, kwa sababu hakujua. Nilikwenda mazishini nikiwa nimeshamsamehe. Nilijiona mtu mwema sana njia nzima, mtu aliyekomaa, asiyeweka kinyongo. Ningekaa nyumbani siku ile huenda ningekufa na wema wangu huo, na mwaka ule ningeendelea kuusimulia nilivyozoea kuusimulia, kwamba ni balaa tu iliyotukuta sisi sote.

Mwaka wenyewe ulinikuta mjini Machakos, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimepanga chumba kimoja nyuma ya soko, na nimekonda hivi kwamba sketi zangu nilizifunga kwa pini mbili. Nilikuwa nimetibiwa taifodi, nikatibiwa amiba, nikatibiwa minyoo, kisha taifodi tena. Nikila naumwa, nisipokula naumwa, na njia ya kwenda chooni niliijua hata nimefumba macho. Kuta za vyumba vile zilikuwa za mabati, na bomba la maji lilikuwa hatua chache kutoka dirishani kwangu, kwa hiyo habari zangu nilizipata bila kuuliza. Asubuhi moja nimelala nikasikia mmoja akisema, "Huyo wa chumba ya nne amebaki macho tu." Mwingine akajibu, "Na bado ako na bwana anakuja kila Jumapili." Wa kwanza akacheka kidogo. "Bwana hajui. Ama anajua, na wote wako nayo. Lisemwalo lipo." Miaka ile mtu aliyekonda na kuharisha alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na haukutajwa jina, uliitwa ule ugonjwa. Nilikuwa nimepima mara mbili nikaambiwa sina. Lakini karatasi ya hospitali haisomwi bombani.

Mutua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na mwanzoni mwa mwaka ule alinipenda kweli, hilo silikatai. Yeye ndiye aliyesikia habari za daktari mmoja mzee wa Kihindi huko Nairobi, akaomba ruhusa kazini akanipeleka. Daktari hakuniuliza habari za maji wala vyoo. Aliniuliza nakula nini. Asubuhi? Chai na mkate. Saa nne? Mandazi. Mchana? Chapati na maharagwe. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Wewe wacha ngano. Wacha kabisa, hata kidogo hapana. Halafu wiki sita rudi hapa." Mutua alicheka, akamwuliza kama hiyo ndiyo dawa yenyewe. Wiki sita baadaye nilirudi na Mutua, nimetoa pini moja. Daktari alifurahi kuniona, kisha akanivunja moyo. "Hii si ya wiki sita, mama. Hii ya maisha. Ngano na tumbo yako ni adui." Akamgeukia Mutua. "Wewe ndiyo bwana yake? Basi kumbuka wewe pia." Mutua akaitikia ndiyo, daktari, nitakumbuka. Nilikuwa nimeketi karibu naye, nilimsikia vizuri.

Ukitaka kujua ngano imeingia wapi, jaribu kuiacha. Sisi Wakamba chakula chetu ni muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ni isyo ya mahindi na maharagwe, ni ugali na uji wa wimbi, na mama mzazi angeniandalia hivyo mwaka mzima bila kujua kuna kitu amekwepa. Lakini mjini watu walikula ngano toka asubuhi hadi jioni, na kukutana na mtu kulikuwa ni kukutana kwenye chai na kitu cha kutafuna. Niliingia hoteli moja mchana nikamwuliza mhudumu kuna chakula gani kisicho na ngano. Akanihesabia kwa vidole: "Kuna chapati, kuna mandazi, kuna mkate." Nikamwambia hizo zote ni ngano. Akanisikitikia. "Hapana, madam. Hizo ni unga." Nilijifunza kuuliza habari za mchuzi, kwa sababu wapishi wengi walitia kijiko cha unga ili uwe mzito, na wakiulizwa walikana, na tumbo langu ndilo lililokuja kutoa ushahidi jioni. Nilijifunza kwamba chipsi zilikaangwa kwenye mafuta ya mandazi. Nilijifunza kwamba kila mtu ana neno moja la kuniambia, "Kidogo tu haiwezi kukuua," na kwamba anayelisema hayupo unapokuwa chooni. Mutua alivumilia mwezi mmoja, miwili, kisha akaanza kunionea haya. Siku moja tulitoka mahali njaa inatuuma, baada ya mimi kumwita mpishi na kumhoji, akaniambia, "Na wewe kula nje imekuwa kama kesi ya korti." Tangu siku hiyo tulikutana zaidi chumbani kwangu.

Kuoka nako kulinitesa. Nilikuwa binti wa kupenda mkate, mkate mweupe wa dukani wenye siagi, na niliota harufu yake. Nikasema nitajiokea wangu. Nilijaribu unga wa wimbi, ukatoka kitu kizito cheusi ambacho ungeweza kukiweka mlangoni kuzuia upepo. Nilijaribu muhogo, ukawa gundi. Nilichanganya mtama na ndizi mbivu, ukaumuka vizuri, nikafurahi, nilipoushika tu ukasambaratika vidoleni. Halafu nikaanza kuugua tena bila kugusa ngano, nikashangaa, mpaka nilipokwenda mwenyewe kwenye kinu cha kusaga nafaka na kumkuta fundi wa mashine amemaliza kusaga ngano ya mtu na anamimina wimbi yangu humo humo. Nilimwomba asage kwanza mahindi ya mwingine ili mashine ijisafishe. Watu waliokuwa kwenye foleni waliniangalia kama mtu anayetaka maji ya kunawa yaoshwe kwanza.

Aliyeniokoa alikuwa Mama Halima, mke wa Msomali mmoja mchuuzi wa mbuzi, ambaye alikuwa na hoteli ndogo karibu na soko la mifugo. Nilikwenda pale kwa sababu ya wali. Nilipoanza maswali yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe sema tu huli nini. Hapa kwangu mtu halazimishwi." Tangu siku hiyo alinipakulia kutoka sufuria ambayo chapati hazikuwahi kukaribia. Alikuwa amelelewa Mombasa, na siku moja aliniona nikitazama mikate ya wenzangu akacheka. "Kwani wewe hujui mkate wa mchele?" Ndiye aliyenifundisha mkate wa kumimina: mchele uliolala majini usiku kucha, unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Wa kwanza niliunguza. Wa pili ukatoka wa kahawia juu, mweupe ndani, na uliposhikwa ulishikika. Nilikaa kitandani nikala robo yake peke yangu, nikalia. Sioni haya kusema kwamba nililia kwa sababu ya mkate.

Mwezi wa nane Mutua akasema ni wakati mama yake anione. Nilijua maana ya ziara ile. Nilioka mkate wa kumimina mzima, nikaufunga kwa kitambaa safi nikautia kwenye kiondo changu, nikiwaza kwamba utaliwa na wote na mimi nitapata cha kula bila kelele. Tuliposhuka gari Mitaboni Mutua akauona. "Hiyo ni nini?" Nikamwambia. Akasimama. "Ndinda, huwezi kuingia kwa mwaitu," yaani kwa mama yake, "na chakula imepikwa. Atasema umeogopa yake." Nikamwuliza nitakula nini basi. Akasema atapanga, nisiwe na wasiwasi, na mkate akawapa watoto wa shule waliokuwa wakipita. Kisha akaniomba jambo la pili, kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu. "Maneno ya ugonjwa usianze wewe. Wakiona vile umekonda, halafu wasikie ugonjwa, watasikia moja tu. Wacha nitafute wakati nimwambie mwenyewe." Nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka sana kuolewa naye.

Chumba walichotuketisha bado nakiona. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, redio ilikuwa na kitambaa chake, na sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Jiko lilikuwa nje, upande wa dirisha, na nilisikia kila kitu. Nilimsikia Mama Mutua akimwambia binti yake Syombua kwa Kikamba, "Hizo zimeungua ni zetu. Hizi laini za juu ni za mgeni." Syombua akauliza kama unga umebaki. "Umeisha. Na iishe, si ni siku moja?" Maneno yale yaliniuma kuliko ningetukanwa. Nyumbani mle walikula muthokoi siku zote, na muthokoi ungeniokoa. Lakini mimi niliheshimiwa, na heshima ya mgeni ilikuwa chapati. Wangenidharau kidogo tu ningepona.

Tulinawa, tukaombea chakula. Sahani yangu ilikuwa na chapati nne na mapaja mawili ya kuku. Nilimtazama Mutua, naye akaitazama kalenda ukutani. Nikala nyama, nikasema imeiva vizuri, nikakata chapati vipande vidogo nikavisukuma huku na huku. Mama Mutua alikuwa mwanamke mrefu, mkarimu, mwenye macho yanayohesabu. "Kula, mwiitu wakwa," akaniambia, akiniita binti yake. "Ama chakula ya hapa hukuamini?" Akacheka, na mimi nikacheka, na sote tulijua kicheko kile kinazunguka nini. Kwetu mtu anayekataa chakula cha nyumba amesema kwamba nyumba ina uoi, uchawi unaotiwa kwenye sahani za watu. Nikatia kipande mdomoni. Kisha kingine. Nilikula chapati mbili nzima nikijua usiku wangu utakuwaje, na ndipo nguvu zikaniisha. Kwa bahati, au nilidhani ni bahati, walitoka kumwonyesha Mutua ndama aliyezaliwa. Nilibaki peke yangu kwa dakika chache. Zile mbili zilizobaki nikazikunja kwenye leso yangu, nikazisukuma chini kabisa ya kiondo.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa Kikamba hapaswi kulifanya. Kiondo cha mgeni hakitoki kitupu nyumbani mwa watu. Wakati wa kuaga ukifika kinachukuliwa, kinapelekwa ghalani, kinarudi na ndengu au mbaazi au chochote kilichopo. Nilijua hivyo tangu utotoni, mama yangu alifanya hivyo kwa kila mgeni, lakini hofu ilinifunga akili. Syombua alikichukua kiondo akitabasamu. Aliporudi hakuwa akitabasamu, na kiondo hakikuwa na ndengu. Alimpa mama yake, mama akaitoa leso, akaifungua juu ya meza, akazitandaza zile chapati mbili kando kando. Kisha akaniuliza, "Hiki chakula kimetoka mkono wangu. Kinaenda kwa nani?"

Anayekataa kula anaogopa mchawi. Anayebeba chakula cha watu kwa siri ni muoi, mchawi mwenyewe, anakipeleka kwa mganga kikafanyiwe kazi, na nyumba iliyompa inaanza kuzika. Nililielewa swali lote kwa mara moja. Nilimtazama Mutua, nikamngoja, kwa sababu niliahidi, na kwa sababu msichana aliyekuja kuonwa hajibu kabla ya aliyemleta. Mutua akasema, "Mwaitu, hayo tutaongea." Mama akasema tutaongea sasa. Basi nikasema mwenyewe kwamba siwezi kula ngano, inanidhuru tumbo, daktari wa Nairobi amenikataza, na Mutua anajua kwa sababu tulikuwa naye. Mama Mutua hakukasirika hata kidogo. Alimgeukia mwanawe. "Ni kweli? Kuna mtu hawezi kula ngano?" Mutua alijikuna shingo. Akasema, "Mimi mambo ya tumbo ya wanawake sijui."

Nilirudi Machakos peke yangu na kiondo kitupu. Usiku ule na siku mbili zilizofuata zile chapati nilizokula zilinifanya nilivyojua zitanifanya. Alhamisi Mutua alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema mama amekataa na yeye hawezi kumkosea mama. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema alishikwa na aibu. Aibu yake iliisha siku ile ile, yangu aliniachia. Habari ilifika mjini kabla ya mwezi kwisha, ikafika dukani, na yule mwenzangu niliyekuwa nikinywa naye chai ya saa nne akaanza kuja na kikombe chake kutoka nyumbani na kukiweka mbali. Mwezi wa kumi na mbili, kanisani, kila mwanamke aliombwa kuleta kitu cha chai. Nilipeleka mkate wa kumimina, mzuri kuliko yote niliyowahi kuoka. Niliukata vipande mwenyewe nikauweka mezani kati ya mikate na keki za wengine. Watu walikula, wakazunguka meza, wakajaza vikombe. Mkate wangu ulirudi nyumbani na vipande vyake vyote. Nilikuwa mpishi wa chakula ambacho watu hawawezi kukila, nami nilikuwa mtu asiyeweza kula cha watu. Baadaye niliolewa kwingine, nikamzaa Kioko, nikafiwa na mume, na katika miaka hiyo yote kuna nyumba za Mitaboni na Kathiani ambazo nikipita watoto huitwa ndani.

Mutua alikuwepo mazishini, bila shaka, mnene, mwalimu mkuu aliyestaafu, mkewe akiwa kando yake. Tulisalimiana kwa mkono. Aliyekuja kuketi nami ni Syombua, ambaye sasa ni nyanya ya watu na anavaa miwani. Alivuta kiti cha plastiki karibu kabisa.

"Mama Kioko, asante kwa kukuja. Kuna maneno mwaitu aliniachia. Alisema ukikuja nikupe, na usipokuja ninyamaze."

Nikamwambia aseme tu.

"Ile siku yako. Ulipotoka hapa, hata jua haikuwa imeingia, Mutua alimwambia yote. Ya daktari. Ya ngano. Alilia hapo jikoni, mimi nikiwa hapo."

"Siku gani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Hiyo hiyo."

Kwaya ilikuwa ikiimba na ilibidi anisogelee sikioni. Nilimwuliza mama alisema nini. Syombua alitoa miwani akaifuta kwa leso yake, akairudisha.

"Alisema akiwaambia watu wewe ni mgonjwa, watauliza ni ugonjwa gani. Wakuangalie vile ulikuwa, halafu waanze kuhesabu miezi umekaa na Mutua. Hiyo ingemaliza kijana. Nani angempa msichana? Akasema wacha ikae vile imekaa. Muoi anafukuzwa mara moja na maneno inaisha."

"Inaisha kwa nani?"

Akasema, "Alitaka umsamehe, Ndinda. Ilimsumbua sana hapo mwisho."

Nimefikiri sana wiki hii. Nilikuwa nimemsamehe mwanamke aliyenipikia chapati za juu zisizoungua, akakuta nimezificha, akaogopa. Huyo hakuwepo. Au alikuwepo kwa saa moja tu, mpaka jua lilipoelekea kuzama. Baada ya hapo alikuwa mwanamke mwingine, aliyejua mimi ni nani na nina nini, na mwaka baada ya mwaka akaliacha jina la uchawi linifuate kwa sababu lilikuwa na faida kwa mwanawe. Msamaha wangu wa miaka ishirini na zaidi niliutoa mahali pasipo na mtu. Nina hasira, na nina umri ambao watu hawatarajii uwe na hasira, na sijui niiweke wapi.

Mhubiri aliita jamaa na marafiki watie udongo. Syombua alinishika mkono tukaenda pamoja, nikauchota kama wengine, nikaufumbata, foleni ikasogea. Nilipofika ukingoni Mutua alikuwa ng'ambo ya kaburi akinitazama. Alijua dada yake ameniambia nini, niliona hivyo usoni mwake, na aliningoja mimi nifanye kile ambacho kingemruhusu kulala usiku ule. Nilifungua mkono nikauacha udongo uanguke miguuni pangu, nje ya kaburi. Kisha nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.